Mama Mdogo na Mgonjwa wa Chini ya Shuka

Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikuwa na sheria moja nyumbani kwake: kitu kikishaingia mlangoni hakirudii kazi yake ya zamani. Ngazi ikija, haipandwi. Mlango ukija, haufungwi wala haufunguliwi. Nilipoacha shule, na niliiacha mapema, nikapelekwa kuishi naye, na siku ya kwanza nikajikuta nakula juu ya mlango. Ulikuwa umeliwa na mchwa upande mmoja. Yeye alikata pale palipooza, akaupiga msasa, akaulaza juu ya kreti za soda. Kitasa alikiacha palepale. Mgeni akiuliza kitasa cha nini, anajibiwa, "Cha kufungulia chakula."

Chumba chetu kilikuwa kimoja, cha kupanga, katika ua ambao milango inatazamana kama watu waliogombana. Lakini ukiingia ulisahau ua. Ile ngazi ilisimama kwenye kona na kuning'iniza kanga na taulo. Sufuria lililotoboka kitako lilikuwa ukutani, ndani yake saa. Mito ilishonwa kwa mabaki ya mapazia ya matajiri, hakuna uliofanana na mwenzake, na bado ilipokaa pamoja ungesema ni ndugu wa tumbo moja.

Mabaki hayo aliyapata kazini. Alipiga pasi kwa dobi mmoja wa pale mjini, kutwa amesimama, mvuke unampiga usoni, miguu ikirudi nyumbani imevimba kama mikate. Nyumba za wenye nazo hakuwahi kuziingia hata moja, ila alizijua zote kwa mapazia yake. "Mwaka huu watu wamechoka na maua," angeniambia huku akichua miguu. "Wanataka rangi ya udongo. Na mistari wameanza kuirudia, wewe subiri." Kisha jioni ya Jumamosi tunakwenda gulioni, si asubuhi. Asubuhi, alisema, unanunua kwa macho. Jioni, mwenye meza amechoka na haoni raha ya kufunga tena mzigo, ndipo unaponunua kwa mkono.

Furaha yake ingekuwa kamili kama si dirisha la mbele.

Mbele yetu, hatua chache tu kuvuka kamba za nguo, alikaa msusi. Chumba chake ndicho saluni yake. Alikuwa mwanamke mcheshi, mnene kidogo, mwenye kicheko cha kufukuza kuku. Mama Mdogo alimpa jina la Fotokopi, na ua mzima ukalipokea.

Maana Mama Mdogo alipoleta ngazi, wiki haikupita, kwa msusi kukaonekana ngazi. Alipopaka chungu cha maua rangi nyeupe nusu, nusu akaiacha na udongo wake, asubuhi yake kwa msusi kukawa na chungu cha nusu kwa nusu. Hata sufuria la saa. Tena la msusi halikuwa limetoboka. Alilitoboa mwenyewe, tulisikia nyundo.

"Unasikia?" Mama Mdogo aliniambia siku hiyo, mkono kiunoni. "Anatoboa sufuria zima! Mtu mzima na akili zake! Wivu ule, mwanangu. Wivu utamuua yule."

Mimi ni mtu wa kunyamaza, kwa hiyo nilinyamaza. Ila nilimtazama. Aliyekuwa hali vizuri hakuwa msusi. Msusi alikuwa anaimba huku anagonga.

Walikutana bombani kesho yake.

"Shoga, habari za asubuhi," msusi alisema. "Nimeweka saa yangu, umeiona?"

"Nimeiona. Nilidhani nimelala ndotoni, najiona mwenyewe."

"Ha! Macho hayana pazia, jirani. Kizuri nikikiona nifanyeje, nijitoboe macho?"

"Si umeanza na sufuria."

Waliokuwa kwenye foleni ya maji walicheka. Msusi alicheka kuliko wote. Hilo ndilo lililomuumiza Mama Mdogo zaidi, kwamba sindano zake zilikuwa hazimchomi yule mwanamke.

Sasa sikia jambo lililoleta yote. Kulikuwa na mama mmoja mwenye gesti, nasi tulimwita hivyohivyo, Mama Gesti. Mashuka yake yalifuliwa pale kazini kwa Mama Mdogo. Alikuwa amejenga vyumba vipya nyuma ya vile vya zamani na hakutaka kuvijaza fanicha za dukani ambazo kila gesti inazo. Alitaka vyumba vya kusimuliwa. Na alitaka kwa bei ya kutupa, maana pesa ilikuwa imeishia kwenye mabati. Mama Mdogo, akimkabidhi mashuka, alikaza roho akasema, "Mama, mimi naweza." Mama Gesti alimtazama toka juu mpaka chini, akasema, "Basi nitapita nione unapoishi. Mtu anayejua kupamba, kwake kunasema."

Mama Mdogo alirudi akiwa hatembei, anaruka. Alinishika mabega. "Nikipata kazi hii, mwanangu, pasi naiaga. Nikitoka hapo kuna gesti nyingine, na nyingine. Miguu hii itapumzika." Halafu akageuza shingo taratibu kuelekea dirishani, na furaha ikakatika kama umeme. Kwa msusi kulikuwa na mteja anasukwa. Mteja mwenyewe tulimjua kwa mkoba wake. Ni Mama Gesti, aliyekuwa akisukwa palepale mbele yetu kila nywele zake zikichakaa.

"Akiingia kwangu akaona ngazi," Mama Mdogo alisema polepole, "na kule ameshaiona ngazi, atasema nani kamwiga nani?"

Toka siku hiyo wivu ulihamia kwetu na godoro lake. Alifunga dirisha. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alifunika kila kitu kwa mashuka yaliyochoka: mlango wa kulia chakula, ngazi, mito, hata saa, mpaka nikawa naulizia wakati kwa jirani. "Kizuri chajiuza," alikuwa akisema akikunja ncha za shuka, na mimi nikawa nawaza, kitajiuzaje kikiwa kimefunikwa? Ukikaa kwa watu, maneno mengine unameza na maji.

Wiki hiyohiyo mashine moja kubwa ya kufulia ikafa pale kwa dobi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja kuichukua. Mama Mdogo akaomba kitu kimoja tu cha ndani yake, lile pipa linalozungusha nguo, la chuma cheupe kisichoshika kutu, lenye matundu madogo mwili mzima. Tulilibeba wawili, limefungwa shuka, giza halijaingia na ua umejaa watu. Lilikuwa zito, likatukalia mikononi kama mtu aliyezimia.

"Haa, kuna nini?" msusi alidakia, kitana mkononi.

"Mgonjwa," Mama Mdogo alisema, bila hata kusimama.

"Masikini! Nani?"

"Wa ukoo. Usimsogelee, anaambukiza."

Ndani, alitia balbu katikati ya lile pipa, akavuta waya, akafunga dirisha na pazia juu yake, akaniambia nizime taa ya juu. Akabonyeza swichi. Mimi sikujua kama chumba kinaweza kufanya vile. Vitone vya mwanga vilijaa kuta zote, dari, mikono yangu, uso wake. Alilizungusha pipa kidogo kwa kidole juu ya mhimili wake na vitone vyote vikatembea, chumba kikageuka kama kinasafiri.

"Hii," alininong'oneza, "mtu haioni. Mpaka Mama Gesti aje."

Tuliiwasha kila jioni baada ya hapo, sisi wawili, mlango umefungwa. Nakiri nilipenda hivyo. Nilihesabu vitone vilivyoniangukia kama watu wanavyohesabu kuku wao.

Siku ya pili msusi alibisha hodi. Alileta machungwa kwenye mfuko. "Ya mgonjwa. Anaweza kula?" Mama Mdogo alifungua mlango upana wa pua, mkono ukatoka, machungwa yakaingia, mlango ukafungwa. Tuliyala wenyewe juu ya shuka. Yalikuwa matamu, na Mama Mdogo alikasirika kwamba ni matamu.

"Kaja kuchungulia tu," alisema, akilamba vidole.

Ndipo akatega mtego wake. Gulioni kulikuwa na lile duara la plastiki la kukalia chooni, limetupwa pembeni, hata mwenye meza anaona haya kulitaja bei. Alilinunua. Alilisugua kwa dawa mpaka likameremeta, akalipaka rangi ya buluu, akabandika kioo katikati, akalitundika dirishani kwetu kwa nje, mahali ambapo kipofu angeliona.

"Mama Mdogo," nilisema, na mnajua nikisema kuna jambo, "hicho si kiti cha choo?"

"Ndicho."

"Tutachekwa."

"Sisi tutasema ni utani. Yeye ataiga, ataweka kwake, mbele ya wateja wake, hajui ni nini. Siku Mama Gesti akikaa kusukwa na kujitazama ndani ya choo, tutaona nani atacheka."

Msusi hakukawia. Siku hiyohiyo alipita, akasimama, akainamisha kichwa upande huu na upande ule. Keshoye akaonekana anarudi kutoka gulioni na kitu duara kwapani. Mama Mdogo alikula chakula chake cha jioni kwa hamu ambayo sijaiona kabla wala baada.

Jumapili ilipofika alialika majirani wawili watatu, akajifanya anakwenda kuuliza bei ya kusuka. Mimi nilifuata nyuma. Aliingia saluni na kicheko kimeshafika mdomoni, kinasubiri amri tu.

Kilibaki hapohapo mdomoni.

Msusi alikuwa amelizungushia lile duara nywele za kusukia. Alizisuka kwanza, mikia minene na myembamba, myeusi na ya kahawia na uzi mmoja wa dhahabu, akaizungusha moja juu ya nyingine mpaka plastiki haionekani hata chembe, na chini akaiacha mikia ining'inie na shanga ncha zake. Kioo katikati kilitulia kama uso wa mtu aliyetoka kusukwa. Majirani hawakucheka. Mmoja alisema, "Mama we!" Mwingine akauliza bei yake.

Nilimtazama Mama Mdogo shingoni, maana uso alikuwa ameupeleka pembeni. Mshipa ulikuwa unacheza. Kuigwa aliweza kuchukia. Hiki hakikuwa kuigwa, na hakuwa na jina lake.

Balaa nalo halibishi hodi. Tukiwa bado pale, Mama Gesti akaingia na mkoba wake. "Aa, nyote mpo! Vizuri. Dada wa pasi, twende basi nikaone kwako, maana nimekuja na miguu yangu."

Tulivuka kamba za nguo. Mama Mdogo mbele, Mama Gesti nyuma yake, halafu mimi, na nyuma yangu nikasikia ndala za msusi. Naye amekuja, amebeba kitana, anataka kuona. Nani asingetaka?

Mlango ulifunguliwa. Chumba kizima kilikuwa kimefunikwa mashuka.

"Unahama?" Mama Gesti aliuliza.

"Hapana, mama, ni vumbi." Mama Mdogo alishika ncha ya shuka lililofunika meza. Nikasema moyoni, funua. Akalivuta kidogo, kitasa kikachungulia. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la Mama Gesti, yakamkuta msusi amesimama kizingitini, shingo imerefuka, macho yamemtoka kwa hamu kama mtoto dukani. Na mkono wa Mama Mdogo ukarudisha shuka.

Mpaka leo nauona mkono ule. Hakuna aliyemshika. Miguu yake yote ilikuwa inamwomba afunue, naye akafunika.

"Labda siku nyingine," alisema. "Leo pamevurugika."

Mama Gesti alitazama kila upande. Kitu pekee ambacho hakikufunikwa ni lile duara la buluu nje ya dirisha. Alirudi kizingitini, akalisogelea kwa nje, akalijua mara moja, wenye gesti wanajua vyoo. "Hii ndiyo kazi yako, dada?"

"Utani tu, mama."

"Mimi nimeona wazo kwake," msusi akadakia kwa nguvu, akitaka kusaidia. "Kioo changu kile, mwenye akili ni huyu. Mimi nimesuka tu!"

Yangeishia hapo yangekuwa na heri. Lakini Mama Mdogo hakutaka hisani ya Fotokopi, akageuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Nimekuwekea ili uchekwe! Ni kiti cha choo hicho, hujui? Umekaa na choo saluni kwako na unafurahi!"

Msusi alishusha kitana. Ilikuwa mara ya kwanza naona uso wake hauna kicheko, na bila kicheko ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kama sisi. "Nilijua ni cha choo," alisema. "Nina macho. Nilifikiri unanionyesha kwamba hata choo kinaweza kupendeza." Akatazama kule kitandani, palipolala kitu chini ya shuka. "Nami nikakuletea machungwa ya mgonjwa."

Akaondoka. Mama Gesti naye akamfuata, na jioni ile ua mzima ukajua vyumba vya gesti amepewa msusi.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Msusi aliweka pazia mlangoni kwake, pazia zito lisilo na uwazi. Hakutazama kwetu. Mama Mdogo alifungua dirisha lake upya, akafunua kila kitu, akaigeuza ngazi ikalala ubavu ikawa rafu. Ilipendeza kuliko mwanzo. Kwa msusi ngazi ilibaki imesimama. Akapaka chungu kipya rangi ya udongo na mistari, akakiweka nje kabisa, karibu na kamba. Hakuna aliyeiga.

"Hajakiona," alisema.

"Amekiona," nikasema. "Amekiruka."

Akawa yeye sasa ndiye anayechungulia. Upepo ukiinua lile pazia la msusi, Mama Mdogo anaacha kijiko hewani. Aliona kopo la maua lililosukiwa kamba. Akaona kiti ambacho mgongo wake uliovunjika umesukwa tena kwa vitambaa, msuko wa kulalia, kama wa kichwani. Jioni moja nilimkuta amekaa sakafuni na vipande vyake vya mapazia, vitatu vitatu, vidole vinahangaika.

"Mama Mdogo, huo si msuko wa..."

"Nyamaza. Shika hapo."

Ulitoka umepinda. Aliufumua, akauanza tena, ukapinda vilevile. Akautupa ukutani. Kisha akainuka, akalishika lile pipa la mashine, akalikokota mpaka kwenye stuli ya dirishani, akavuta waya. Nje giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia na watu wanaanua nguo. Nikajua anachotaka kufanya, nami sikutaka.

"Si ulisema mtu haioni?" nilimuuliza.

Alisogeza pazia kando, akabonyeza swichi.

Vitone vilitoka dirishani, vikavuka kamba, vikapita juu ya mashuka ya watu na vichwa vya watoto, vikajaa kwenye ukuta wa msusi na mlango wake na lile pazia zito. Watoto walianza kuvikimbiza. Mama Mdogo aliliwekea kidole pipa, akalizungusha taratibu, na ua wote ukaanza kusafiri.

Pazia la mbele likasogea. Msusi alitoka, vitone vinamtembea usoni. Alisimama kizingitini kwake, akavifuata kwa macho.

"Ndiye mgonjwa wako huyo?" alisema mwishowe.

"Ndiye."

"Amepona?"

"Amepona. Njoo umwone."

Alivuka. Aliingia akiwa ameficha mikono nyuma, kama mtu anayesema sishiki kitu. Alilizunguka pipa, akachungulia matundu. "Hili siwezi kuiga," alisema.

"Huwezi. Lipo moja. Lakini mnunuzi wa vyuma ana mashine nyingine mbili zilizokufa. Mimi ndiye ninayejua anakoziweka."

"Na vyumba vya gesti vina giza," msusi alisema, "na mimi taa sina hata wazo."

Walitazamana. Mama Mdogo aliokota ule msuko wake uliopinda, akautupia mapajani kwa msusi aliyekuwa ameshakaa bila kukaribishwa. "Nioneshe unashikaje uzi wa kati. Na Mama Gesti akiuliza, jina langu linatangulia."

"Linatangulia kwa nini? Kazi nimepewa mimi."

"Kwa sababu sufuria lako halikuwa limetoboka!"

Kicheko cha kufukuza kuku kikarudi. Waliendelea kubishana nani atangulie, vichwa vimeinamiana juu ya kile kitambaa, vidole vya msusi juu ya vidole vya Mama Mdogo.

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani. Nje watoto walikuwa bado wanarukia vitone, kila mmoja anapiga kelele kwamba hiki ni chake, vile vitone nilivyokuwa nikivihesabu kuwa vyangu. Nilinyoosha mkono nikalizuia pipa lililokuwa bado linazunguka. Mama Mdogo hakugeuka hata kutazama.